Viatu vya Kwendea Ulaya

Jumatatu, 17 Agosti 1959

Pamba tangu alfajiri. Mzee mmoja kutoka Misungwi kaficha jiwe katikati ya gunia. Nikalitoa, nikampa mkononi. Akalipokea kwa adabu kama mtu aliyekuwa akilitafuta siku nyingi. Nikapima upya.

Mchana Mzungu wa ushirika akaniita ofisini. Barua imefika. Mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda Uingereza miezi mitatu, kuona jinsi vyama vya wakulima wa huko vinavyoendeshwa. Mimi, mpimaji pamba, niliyejifunza kusoma kwa maandishi ya magunia. Meli ya Kisumu inaondoka hapa Mwanza Jumatano, tarehe 30 Septemba. Baada ya hapo treni, halafu ndege.

Nimefika nyumbani, nikasema kwa sauti, "Nakwenda Ulaya." Sufuria haikujibu.

Nataka sana kwenda. Niandike na sababu, maana hakuna asomaye. Hapa ninaishi peke yangu katikati ya watu ninaowajua, na inachosha kueleza. Huko nitakuwa peke yangu kwa sababu inayoeleweka.

Jumatano, 19 Agosti

Nimepewa karatasi ya vitu vya kuchukua. Koti zito. Soksi za sufu. Viatu vya ngozi vinavyofunika mguu wote, na viwe vimekwisha kuzoeana na mguu. Mzungu anasema Oktoba kwao ni majira ya majani kupukutika. Manyunyu, baridi, matope, na kutembea kutwa nzima kutoka kiwanda hadi shamba. Mjumbe wa mwaka jana alikwenda na viatu vipya. Wiki ya pili akalazwa, ya nne akarudishwa na vidonda. Aibu hiyo haitaki tena. Jumatatu ya tarehe 21 Septemba tutatembea naye mpaka Nyakato na kurudi, kwa viatu hivyohivyo vya safari. Nikichechemea, anakwenda Kornelio.

Kornelio ni karani wa vitabu. Yeye ndiye wa akiba. Amesoma, ana miguu myembamba kama ya korongo, na jozi tatu za viatu. Alinipa mkono wa hongera huku macho yako chini, kwenye katambuga zangu za tairi la lori.

Tuseme ukweli kuhusu miguu hii. Mipana kama makafi. Nimekwenda peku mpaka ndevu zikaota, tangu hapo ni katambuga. Mguu wa kushoto funza walikula vidole viwili nikiwa mchunga ng'ombe: kidogo na jirani yake. Niliwahi kuitwa bomani, nikaenda na katambuga mbele ya Wazungu, baraza zima likacheka. Nilijifanya sikusikia. Nina kipaji cha kutosikia.

Jumamosi, 22 Agosti

Maduka manne. Mhindi wa kwanza akautazama mguu, akatazama rafu, akautazama tena mguu. Akasema, "Bwana, mimi nina namba. Upana sina." Mtu mwaminifu. Wa pili akauliza kama nitatosheka na kiatu kimoja. Wa nne akanipa jozi nyeusi, namba mbili juu ya yangu. Upana unaingia kwa kulazimisha. Urefu umebaki mbele mtupu, panya angeweza kupanga chumba.

Nimevinunua. Aibu ya kutoka mikono mitupu mara nne ilinishinda.

Jumapili, 23 Agosti

Nimekwenda kanisani navyo. Nimerudi navyo mkononi. Mama mwenye nyumba yangu, Mama Zuhura, alikuwa kibarazani anachambua mchele. Mjane, mtoto wa mjini, ulimi wake haupumziki.

"Bwana Mizani! Viatu vimechoka, unavibeba?"

Nikasema vinajifunza njia kwanza.

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akaona damu kisiginoni, akaacha kucheka. Akasema niende kwa Mzee Feruzi, fundi viatu wa kule gatini, anichore mguu, anishonee viatu vyangu mwenyewe. Nikasema mimi sichorwi mguu. Labda nilisema kwa ukali. Akarudi kwenye mchele wake, amenuna. Yeye hajui, nyumba hii nimehamia baadaye.

Niliandike hapa mara moja, nisilirudie.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nakaa Nyakato na mke wangu, Kabula. Asubuhi moja niliamka nikakuta mkaa kwenye unyayo wa mguu wa kushoto. Nikadhani nimekanyaga jikoni. Siku chache baadaye nikageuza godoro, nikakuta kipande cha gunia. Juu yake umechorwa mguu wangu wa kushoto kwa mkaa, na pengo la vidole limo. Pamoja nacho uzi wenye mafundo matatu.

Mimi nasoma gazeti. Waganga nawacheka. Siku ile sikucheka. Kwetu anayechukua unyayo wako hauchukui kwa kuupenda, na uzi wenye mafundo kila mtoto anajua ni wa kumfunga mtu. Nikamwuliza nani amemtuma. Akasema, "Kama mchawi ndiye unayemwona, basi." Nikavichoma vyote viwili jikoni, mbele yake.

Kesho yake akavuka Busisi kwa pantoni, akarudi kwa baba yake. Desturi ilinitaka nimfuate na wazee wawili na mbuzi. Nikangoja yeye aombe kwanza. Mwezi wa pili tangu aondoke homa ikamchukua. Habari ilinifikia wamekwisha zika.

Mpaka leo sijui alitaka nini na mguu wangu.

Alhamisi, 27 Agosti

Mama Zuhura amesahau kununa. Amenifundisha dawa ya viatu vinavyobana: jaza choroko kavu, mimina maji, acha usiku mmoja. Choroko zikivimba, ngozi inatanuka yenyewe. Marehemu mumewe alitanua hivyo jozi mbili. "Usiku mmoja tu, Bwana Mizani. Mmoja." Akaonyesha na kidole.

Nimejaza. Viko chini ya kitanda. Nimekaa navyo chumbani kama mtu anayeuguza.

Jumanne, 1 Septemba

Ijumaa lori lilinigongea mlango kabla ya kucha. Mpimaji wa Magu kaugua, niende siku moja. Siku moja ikawa pamba ya wilaya nzima, kisha ekseli ikakatika. Nimerudi leo.

Mama Zuhura alikuwa mlangoni, kajifunga pua na kanga. Alidhani panya kafia chumbani, na ufunguo ninao mimi. Nikafungua. Choroko zilikuwa zimeota. Majani mabichi yametoka penye kamba za viatu, yanaelekea dirishani. Mishono ya pande zote mbili imepasuka. Soli ya kulia inacheka.

Nikamwambia nimevuna mapema mwaka huu. Hakucheka. Alitazama kalenda yangu ukutani, siku nilizozikata kwa penseli. Naye alikuwa anazihesabu kumbe.

Ijumaa, 4 Septemba

Nimekwenda gatini na yale mabaki ndani ya kikapu. Mguu wa kushoto nimeufunga bandeji, malengelenge yamekuwa kidonda.

Mzee Feruzi ana kibanda cha mabati. Wazee wake walitoka Ujiji. Miwani imefungwa kwa uzi wa nta, msharasi wa kutobolea ngozi nyuma ya sikio. Mlango wake una tabia ya kujifunga, kauzuia kwa kigogo cha mti. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Akatoa viatu kikapuni, akang'oa chipukizi moja, akanipa.

"Hivi mwanangu unataka kiatu au unataka mboga?"

Nikamwomba avishone. Akasema maiti haishonwi. Atanitengenezea vipya, ila lazima anichore mguu achonge kalibu. Kalibu ni mguu wa mti. Kiatu hushonewa juu yake, ndiyo maana kinakaa kama ngozi yako. Akatandika karatasi chini.

Nikasema apime kwa macho.

"Mguu wako una siri gani? Mimi nimeshika miguu ya mapadri."

Nikaurudisha mguu nyuma. Kisha akaikunja karatasi yake polepole. Akasema kuchonga na kushona ni siku kumi. Nikija baada ya Jumatano, nisije.

Nilitoka. Nusura nijikwae kwenye kile kigogo.

Jumapili, 6 Septemba

Sikwenda kanisani. Sikuwa na kiatu, wala neno la kusema huko.

Jumatatu, 7 Septemba

Kornelio amekuja kwenye banda la mizani kavaa koti la sufu. Saa nane mchana. Jasho linamtoka hadi masikioni. Wachukuzi wakamzunguka.

"Karani, kuna baridi huko kwenye vitabu?"

Akasema ameazima tu, anajaribu. Akanigeukia. "Kaka, mguu haujambo?"

"Haujambo. Unakusalimu."

Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikakaa nyuma ya magunia peke yangu. Hakufanya kosa lolote. Anajiandaa kwa sababu ananiona. Hata mimi ningejiandaa.

Kesho kutwa ndiyo Jumatano. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, anasubiriwa na ndege, anaogopa mkaa.

Jumatano, 9 Septemba

Nimetoka kwa Mzee Feruzi. Nitaandika polepole.

Nilifika saa tisa. Nikasema, chora. Nikafungua bandeji, nikaweka mguu wa kushoto kwenye karatasi. Akashika mkaa. Hakuchora. Akainama mpaka pua ikakaribia vidole, vilivyopo na visivyopo. Akaniuliza kama nimewahi kuoa.

Nikasema ndiyo.

Akainuka, akaenda mlangoni, akaokota kile kigogo. Mlango ukajifunga kwa kishindo, tukabaki gizani mpaka alipousukuma tena kwa mguu. Akakifuta kigogo kwa kanzu yake. Akakiweka kando ya mguu wangu.

Ni mguu wangu. Wa kushoto, wa mti, na pengo la vidole viwili mahali pake.

Akaeleza. Miaka mitatu iliyopita alikuja mwanamke wa Kisukuma, mrefu, mwenye aibu. Alitaka kumshonea mumewe viatu bila mwenyewe kujua. Alisema mumewe aliitwa bomani na katambuga, watu wakamcheka, naye akajifanya hakusikia. Mzee akamfundisha kupima: mume akilala, chora mguu kwa mkaa kwenye gunia, halafu chukua uzi. Fundo moja la urefu. La pili la upana, penye vidole. La tatu la kimo, juu ya mguu. Akarudi na mguu wa kushoto. Alianza na ule mgumu. Mzee akachonga kalibu, akampa tena gunia lake na uzi wake, auone mfano, akapime na wa kulia hivyohivyo.

Hakurudi.

"Nimemwita mwongo," akasema Mzee Feruzi. "Miaka mitatu. Kila nikifungua huo mlango."

Nikamwambia kwa nini hakurudi. Gunia, uzi, jiko, pantoni, homa. Sikuacha kitu. Ni mara ya kwanza kumwambia mtu, na nilikuwa mguu peku kwa mtu nisiyemjua. Mzee alitazama chini muda wote. Mwishowe akavua miwani, akaifuta, ikazidi kuchafuka.

"Haya. Lete wa kulia."

Akauchora. Alipochukua uzi nikamwomba mafundo nipige mwenyewe. Akaniachia. Akasema la pili limekaa vibaya, nilifungue.

Nikasema aliache.

Alhamisi, 10 Septemba

Sikwenda kazini. Nilisema nina homa.

Alisema, "Kama mchawi ndiye unayemwona, basi." Angeweza kusema, "Ni viatu." Neno moja. Nimelifikiria kutwa. Nilikuwa nimesimama na moto mkononi. Nani angeniambia neno jema?

Ijumaa, 18 Septemba

Wiki nzima sikuandika. Kazi, na kupita kibandani kwa Mzee Feruzi jioni. Hatuongei sana. Ananipa uzi nipake nta. Mlango ameuzuia kwa jiwe, kalibu iko kazini. Kuona kiatu kinapanda juu ya mguu ule, kidogo kidogo, si jambo la kutazama kila mara. Natazama nta.

Leo vimekwisha. Kahawia, soli mbili, mdomo mpana wa mviringo kama wa kambale. Si vizuri. Nilivaa, nikasimama. Nikakaa haraka.

Mzee akasema mpaka Jumatatu viwe vimetembea mbali, vinginevyo vitaniaibisha. "Una mahali pa kwenda?"

Nikasema ninapo. Nikamwuliza kama Jumapili ana kazi.

Jumapili, 20 Septemba

Desturi inataka wazee wawili na mbuzi. Nilikuwa na mzee mmoja na mbuzi. Lori la pamba lilituacha Kigongo, tukavuka kwa pantoni. Mbuzi alimtapikia Mzee Feruzi kwenye kanzu, naye akasema ndiye msafiri pekee aliyesema ukweli wa safari hii. Kutoka Busisi tulikwenda kwa miguu, saa mbili za kwenda, kwa njia ya mchanga. Mzee alikuwa nyuma yangu. Hakutazama ziwa wala mashamba, alitazama visigino vyangu.

Baba mkwe alikuwa uani anasuka kamba. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akaendelea kusuka.

"Umechelewa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mbuzi mfunge pale."

Mzee Feruzi ndiye aliyemweleza, mimi nilishindwa. Alitoa kalibu kikapuni, akaiweka mbele yake. Baba mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Akaipima na mguu wangu kwa macho. Akasema Kabula alipokuwa mgonjwa aliulizwa mara nyingi amekosana nini na mumewe. Alijibu kuwa mumewe ana miguu migumu kupimika. Wao walidhani ni homa inasema.

Akatuongoza kaburini, nyuma ya mihogo. Pamelimwa vizuri. Nilisimama. Nilifikiri nitasema mengi. Nilisema, "Vimenifaa." Kisha nikavivua, nikakaa chini hapo peku mpaka Mzee akakohoa kuwa pantoni haingoji.

Mbuzi amebaki. Hawakunirudishia. Ndiyo kusema wamepokea.

Jumatatu, 21 Septemba

Nyakato na kurudi. Mzungu mbele na fimbo yake. Mimi katikati. Kornelio nyuma, kavaa vyenye ncha, apate kuonekana yuko tayari. Tulipita nyumba niliyokaa na Kabula. Wengine wanaishi humo sasa, wameanika dagaa mlangoni. Sikusimama.

Wakati wa kurudi Kornelio ndiye aliyechechemea. Nikapunguza mwendo, nikamshika mkono. Akasema, "Kaka, nani kakushonea?" Nikasema mke wangu. Alijua kuwa nimefiwa.

Mzungu akainama ofisini, akaminya ngozi kwa kidole gumba penye vidole visivyopo. "Vizuri," akasema, akaandika.

Jumatano, 30 Septemba. Ndani ya meli

Mwanza imekwisha kupotea nyuma ya mawe. Vijana sitahani wanazungumza uhuru, nani atakaa kiti gani. Nimewasikiliza kidogo, nikashuka.

Mama Zuhura alilia gatini. Alisema ni moshi wa meli. Upepo ulikuwa upande mwingine. Mzee Feruzi hakupunga mkono, alinitazama miguu mpaka nilipomaliza ngazi. Jana alitaka nichukue ile kalibu. Nikamwachia. Mlango wake unaihitaji, na nimemwomba akiufungua amwite Kabula kwa jina lake, si mwongo.

Jirani yangu wa kitanda ni mwalimu, anakoroma tayari. Nimevua viatu, nimevipanga chini. Soli zina mchanga wa Busisi bado. Sijaufuta.

Cha kulia kinabana kidogo, penye vidole, pale penye fundo nililopiga mimi. Cha kushoto hakina neno.